Akaunti 63 zilifutwa jioni moja: uzoefu wangu na bakapu ya Entra ID

Kwa karibu miaka miwili nimelipia huduma ya kuhifadhi nakala za saraka yetu ya utambulisho bila kuijaribu kwa dhati hata mara moja. Kila Jumatatu nilikuwa naingia, naona alama ya kijani kwamba nakala za usiku zimekamilika, natoka. Mwaka jana mwezi wa nne, masika imekolea na barabara ya kwenda bandarini imejaa maji, ndipo nilipojua nilichokuwa nakilipia.

Nipo kitengo cha TEHAMA katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Ofisi iko Kurasini, bohari iko Barabara ya Nyerere. Tunatumia Microsoft 365, na nyuma yake kuna Microsoft Entra ID, ile iliyoitwa Azure Active Directory mpaka ilipobadilishwa jina mwaka 2023. Hilo ndilo daftari la kampuni: nani ni nani, yuko kikundi gani, anaruhusiwa kufungua nini na kwa kifaa kipi. Barua pepe, mafaili ya hati za mizigo, mfumo wa uhasibu, vyote vinaliuliza daftari hilo kwanza kabla ya kumfungulia mtu.

Jina la kampuni iliyotuuzia bakapu nimeliacha makusudi. Ninayoyaeleza yapime kwenye huduma yoyote ya aina hii kabla hujaweka saini.

Ilivyotokea ni hivi. Huduma inatozwa kwa dola, kwa kila akaunti, na mkataba ulikuwa unakaribia kuisha. Tukakubaliana tuondoe akaunti za vibarua na za wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ambao walishaondoka. Kijana wetu wa zamu akaandika skripti, yaani programu fupi ya kufanya kazi hiyo yenyewe: kila akaunti ambayo sehemu ya idara iko tupu, ifutwe. Kumbe watu wengi wa bohari na wa getini walisajiliwa haraka haraka miaka ya nyuma, idara haikujazwa. Hata akaunti yangu ya usimamizi, ambayo ni tofauti na ile ninayosomea barua pepe, haikuwa na idara. Kwanza aliijaribu kwa akaunti 9, akazifuta, kisha akaziondoa hata kwenye kapu la taka ili orodha ibaki safi. Halafu Alhamisi jioni akaiachia yote. Sehemu ya pili ya skripti ilifuta vikundi visivyo na mwanachama, na kwa kuwa wanachama walikuwa wameshaondolewa dakika chache kabla, vikundi 14 vya usalama, vile vinavyowapa watu ruhusa kwa pamoja, navyo vikaonekana vitupu. Vikaenda.

Simlaumu. Mimi ndiye niliyeidhinisha bila kuomba aniletee orodha ya majina kwanza.

Ijumaa saa moja kasorobo asubuhi simu ikalia. Dada wa nyaraka yuko bandarini: "Kaka, simu inaniambia akaunti yangu haipo. Makontena mawili yanatakiwa kutoka leo, nafanyaje?" Anayefanya kazi bandarini anajua maana ya kontena kulala siku moja zaidi ya muda wa bure. Nikamwambia anipe saa moja.

Akaunti 54 zilirudi bila bakapu yoyote. Entra ID yenyewe huweka mtumiaji aliyefutwa kwenye kapu kwa siku 30, na ukimrudisha ndani ya muda huo anarudi yule yule, na namba yake ya utambulisho ile ile. Kijana akaziteua zote, akabonyeza kurejesha, na saa mbili na nusu dada wa bandarini akawa anasoma barua pepe. Kwa hiyo wale wanaosema "Microsoft si ipo?" wana sehemu ya ukweli. Sehemu isiyo kweli ni hii: Microsoft inahakikisha mfumo unasimama, lakini ulichokifuta mwenyewe ni chako. Vikundi vyetu vya usalama havikuwepo kwenye kapu, na zile akaunti 9 zilizofutwa kabisa nazo hazikuwepo.

Hapo nikageukia bakapu, na mlango ukagoma.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame. Kuingia kwenye ukurasa wa huduma ya bakapu tulikuwa tumekuunganisha na Entra ID hiyo hiyo, kwa sababu muuzaji alisema ni salama zaidi na hatutakuwa na nywila ya ziada ya kukumbuka. Ruhusa ya kuingia ilitolewa kupitia kikundi kimoja, na mwanachama wake pekee alikuwa ile akaunti yangu ya usimamizi. Kikundi hicho kilikuwa miongoni mwa vile 14. Ufunguo wa ghala ulikuwa ndani ya ghala.

Kilichotuokoa ni bahasha. Microsoft wanashauri kila taasisi iwe na akaunti mbili za dharura, zisizotegemea mfumo mwingine na zisizobanwa na masharti ya kawaida ya kuingia. Zetu zipo, na ufunguo wa usalama wa mojawapo umo kwenye bahasha, ndani ya kasha la chuma la mkuu wa fedha. Skripti haikuzigusa kwa sababu kijana alikuwa na cheo cha msimamizi wa watumiaji, na cheo hicho hakiwezi kumfuta msimamizi mkuu. Mkuu wa fedha alikuwa amekwama kwenye foleni Mbagala. Alipofika saa tatu na robo hakuuliza maswali mengi, akafungua kasha, tukasimama wote watatu juu ya kompyuta moja. Kwa akaunti ya dharura nikajipa ruhusa ya kuingia kwenye bakapu moja kwa moja, bila kupitia kikundi.

Baada ya hapo huduma ilifanya kazi nzuri kuliko nilivyotegemea, na hilo nalisema kwa moyo mweupe. Inakuonyesha nakala ya usiku wa Jumatano ubavuni mwa hali ya sasa, na kila kitu kilichopotea au kubadilika kimetiwa rangi. Unaweza kurudisha kikundi kizima, au mwanachama mmoja, au hata sehemu moja tu ya akaunti, mfano jina la msimamizi wa mtu, bila kugusa mengine. Niliteua vikundi vyote 14 nikaanza. Uanachama uliingia polepole, kwa kuwa Microsoft huweka kikomo cha maombi mangapi programu inaweza kutuma kwa muda fulani, lakini huduma inalijua hilo, inasubiri na kuendelea yenyewe. Kazi yote inafanyika kati ya seva zao na za Microsoft, hivyo intaneti yetu ya ofisini ilibeba picha ya ukurasa tu. Mvua ilipoangusha laini ya ofisi nilihamia kwenye bando la simu na urejeshaji haukukatika.

Saa tano ripoti ikatoka: vikundi 14, wanachama wote, wamiliki wote. Nikampigia dada wa bandarini nikamwambia tumemaliza. Dakika kumi baadaye akanirudia: barua pepe anayo, lakini folda ya hati za kutolea mizigo inamkatalia.

Nikafungua mipangilio ya folda. Jina la kikundi cha bandari lilikuwepo pale pale kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Nikafungua kikundi kipya, jina ni hilo hilo, herufi kwa herufi. Ila chini ya jina kuna ile namba ndefu ya utambulisho, herufi na tarakimu 32 zilizokatwa kwa vistari. Nikaziweka mbili ubavu kwa ubavu kwenye daftari la karatasi, ya nakala ya Jumatano na ya leo. Ya zamani ilianza na 7c, ya sasa na b4. Hazikufanana popote. Kwa macho yetu kikundi kimerudi. Kwa folda, aliyerudi ni mgeni mwenye jina la marehemu.

Hili si kosa la huduma ya bakapu. Kitu kikishafutwa kabisa kwenye Entra ID hakirudi na namba yake. Kinaumbwa upya na kupewa namba nyingine, na kila mahali palipoandika namba ya zamani panabaki na anwani isiyo na mtu. Huduma yetu iliunganisha upya ruhusa za programu zilizokuwa zinapita kwenye vikundi. Ruhusa za folda haikuzigusa. Sera ya masharti ya kuingia, ile iliyokuwa inaziachia tableti za bohari, nayo ilibaki imeshika namba iliyokufa, na tableti zikakataliwa mpaka adhuhuri. Kwenye ripoti yao hayo yote yalikuwa mstari mmoja wa njano chini kabisa, ukisema baadhi ya miunganisho haikurejeshwa. Mstari huo ulipaswa kuwa juu, mwekundu, na orodha kamili ya miunganisho yenyewe. Hapa ndipo ninapowapunguzia nyota.

Kurudisha folda ilikuwa kazi ya mikono. Kwenye kumbukumbu za matukio za Entra nilipata orodha ya vilivyofutwa, saa na dakika. Kwa leseni yetu ya kulipia zinakaa siku 30. Wa leseni ya bure wanapata siku 7 tu, wasichelewe. Lakini kikundi kipi kiliruhusiwa folda ipi, hakuna pahala pamoja palipoandikwa. Nilikuwa na jedwali nililolitoa miezi sita nyuma kwa ajili ya ukaguzi, nikaanza nalo, na mengine nikauliza watu. Wazee wa bohari wanakumbuka folda zao kuliko mfumo wowote.

Zile akaunti 9 zilikuwa na hadithi yao. Bakapu iliziumba upya na majina, namba za simu na vikundi, lakini nywila hazihifadhiwi na hakuna anayeweza kuzirudisha. Uthibitisho wa hatua ya pili nao ulianza upya kwa kila mmoja. Jumamosi asubuhi wakapanga mstari mezani kwangu. Mzee mmoja wa getini ana simu ya kitochi, nikamwamkia, nikamsajilia ujumbe mfupi, akaniuliza kwa utaratibu kabisa: "Mwanangu, kwani mimi nilifukuzwa?" Swali hilo limenikaa mpaka leo. Kwa mtu ambaye kuingia kazini ni kuingia kwenye akaunti, kuamka na kuambiwa hupo si jambo la kiufundi. Masanduku yao ya barua pepe yalikuwa kazi nyingine kabisa, nje ya bakapu ya saraka. Bahati nzuri upande wa barua pepe wa Microsoft nao huyashikilia kwa siku 30 baada ya mtumiaji kufutwa, nikayahamishia kwenye akaunti mpya moja moja.

Msaada kwa wateja: wanajua kazi yao, ila wanafungua saa tatu asubuhi ya Uingereza, na mwezi wa nne hiyo kwetu ni saa tano. Ijumaa ile tulikuwa peke yetu saa nne nzima.

Kwa ofisi zenye seva ya ndani inayolisha Entra ID, nawaomba msirudishe kitu upande wa wingu kabla ya kutengeneza chanzo. Usawazishaji unaofuata utakipindua. Na muulizeni muuzaji nakala zinakaa nchi gani. Majina na simu za wafanyakazi ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti juu ya kuzipeleka nje ya Tanzania. Sisi tulipata jibu la maandishi baada ya kuuliza mara tatu.

Ninawapa nyota tatu na nusu kati ya tano, na mkataba tumeuhuisha kwa mwaka mmoja badala ya mitatu. Ukurasa wa bakapu sasa una kuingia kwake wenyewe, kusikohusiana na Entra ID, na ufunguo wa pili umelala kwenye kasha la mkuu wa fedha pamoja na bahasha. Ramani ya vikundi na folda inatoka kila Ijumaa na kuchapishwa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchini, nilishajifunza thamani ya karatasi. Kila mwezi tunafuta kikundi kimoja cha majaribio chenye folda yake na kukirudisha mpaka mtu aifungue folda hiyo, siyo mpaka ripoti iwe ya kijani.

Folda ya mwisho tuliigundua wiki mbili baadaye. Ilikuwa ya picha za lakiri za makontena, na aliyeigundua ni yule mzee wa getini.