Tathmini ya ICANN: Huduma Imara, Anwani Yenye Utata

Kila anayeandika jina la tovuti kwenye kivinjari ni mteja wa ICANN, ingawa wengi hawajawahi kulisikia jina hilo. Shirika hili lisilo la kibiashara, lililoundwa mwaka 1998 huko California, ndilo linalosimamia orodha kuu ya vikoa vya intaneti, kama vile .com na .org.

Kwa utendaji, ninalipatia alama za juu bila kusita. Orodha hiyo husambazwa na seva za mzizi, yaani kompyuta zinazoelekeza mahali pa kupata kila kikoa, zenye majina 13, zinazoendeshwa na taasisi 12 zinazojitegemea na kuwa na nakala zaidi ya 1,000 duniani, hivyo nakala moja ikizimika mtumiaji hahisi lolote. Ufunguo wa kidijitali unaothibitisha uhalali wa orodha hutumiwa katika hafla maalumu mbele ya mashahidi wa mataifa mbalimbali, na umma huruhusiwa kufuatilia mubashara. Ni benki chache ambazo zingekubali kuchunguzwa hivyo.

Msimamo wa shirika hili ulipimwa mwaka 2022, Ukraine ilipoomba kikoa cha Urusi, .ru, kifutwe, nalo likakataa. Uamuzi huo uliwaudhi wengi, lakini naona ulikuwa sahihi, kwa kuwa orodha ambayo nchi moja inaweza kufutwa kwa ombi la nyingine isingeaminiwa na yeyote.

Kasoro iko kwenye mamlaka. Hadi Oktoba 1, 2016, shughuli hii ilifanywa chini ya mkataba na serikali ya Marekani, jambo lililopingwa kwa miaka mingi na Urusi, China na wengine waliotaka majukumu zaidi yahamie Umoja wa Mataifa, hasa kwa shirika lake la mawasiliano, ITU. Mkataba umekwisha, ila ICANN bado inafuata sheria za California na vikwazo vya Marekani. Utaratibu wa malalamiko nao haukuniridhisha: Brazili, Peru na majirani zao walipinga kwa miaka kampuni ya Amazon kupewa kikoa cha .amazon, ambalo pia ni jina la mto na msitu wao, na mwaka 2019 bodi ikaipa kampuni hiyo.

Pamoja na hayo, nisingependekeza huduma hii ikabidhiwe ITU, ambako kura ni za serikali pekee, zikiwemo zile zinazowazimia wananchi wao intaneti wakati wa uchaguzi, huku wahandisi wanaoendesha seva wakibaki bila kura.