Tathmini: cffi kwa kolibaki za C zinazoingia Python

Kuita C kutoka Python ni kazi nyepesi siku hizi. Kazi ngumu ni safari ya kurudi: unaikabidhi maktaba ya C fanksheni yako ya Python, nayo iiite yenyewe wakati wake ukifika. Hiyo ndiyo kolibaki, na hapo ndipo tumeipima cffi, maktaba ya Python ya kuunganisha na C, tukitumia libcurl, maktaba ya C ya kupakua data mtandaoni, kama maktaba ya upande wa pili.

Mpinzani wake ni ctypes, ambayo imo ndani ya Python tangu toleo la 2.5. Haihitaji kompaila, lakini ina mtego mmoja mbaya. Ukiunda kolibaki kwa `CFUNCTYPE` na kuipitisha moja kwa moja bila kuihifadhi kwenye jina lolote, Python inaweza kuifuta huku C bado imeshika anwani yake. Mwito unaofuata unaweza kuua programu nzima. Tena haianguki mahali penye kosa. Huanguka baadaye, kwingine kabisa, na unaanza kulaumu msimbo usiohusika.

cffi ina njia mbili. Ya zamani, `ffi.callback()`, ina mtego uleule, na zaidi ya hapo inategemea kumbukumbu inayoandikika na kutekelezeka kwa pamoja. Seva yenye SELinux (mfumo wa usalama wa Linux) kali huikataa. Isikushughulishe. Njia ya kutumia ni `extern "Python"`, iliyoingia kwenye toleo la 1.4. Unatangaza sahihi ya fanksheni (jina lake, aina za vigezo na za jibu) ndani ya `cdef`, sehemu ya matangazo ya C:

```
extern "Python" size_t pokea(char *, size_t, size_t, void *);
```

cffi inaandika fanksheni halisi ya C yenye jina hilo, kompaila inaijenga, nawe unaijaza upande wa Python:

```
@ffi.def_extern(error=0xFFFFFFFF, onerror=tunza_kosa)
def pokea(data, ukubwa, idadi, ud):
    hali = ffi.from_handle(ud)
    hali.faili.write(ffi.buffer(data, ukubwa * idadi))
    return ukubwa * idadi
```

Kisha `lib.pokea` huenda kwenye `CURLOPT_WRITEFUNCTION`, chaguo la libcurl la kolibaki ya kuandika data iliyopakuliwa. Anwani yake haifutiki mpaka programu ifungwe, kwa hiyo mtego wa ctypes umekwisha. Ukisahau `def_extern`, C ikiita utapata ujumbe kwenye stderr (mkondo wa makosa) na jibu la 0, bila ajali.

Sehemu inayostahili umakini ni hiyo `error`. Kosa la Python haliwezi kupenya fremu za C na kumfikia aliyeita. Ni lazima C ijibiwe namba. Usipotaja kitu, cffi huchapisha kosa kwenye stderr na kurudisha 0. Sasa 0 maana yake nini? Inategemea unayemjibu. Kwenye kolibaki ya kuandika ya libcurl, jibu lisilolingana na idadi ya baiti zilizoletwa kwa kawaida husitisha upakuaji kwa kosa namba 23, basi 0 inafaa. Inafaa karibu kila mara: faili likiwa tupu, libcurl huita kwa baiti 0, na kosa lako linapita kama mafanikio. Ndiyo sababu ya 0xFFFFFFFF hapo juu, thamani ambayo libcurl imeitenga kwa kushindwa tangu 7.87.0. Kwenye kolibaki ya maendeleo, `CURLOPT_XFERINFOFUNCTION`, mambo yamepinduka: 0 ni “endelea”, na karibu namba nyingine yoyote husitisha kwa kosa 42. Hapo weka `error=1`. Soma nyaraka za kila kolibaki peke yake, hata zikiwa za maktaba moja.

`onerror` nayo hupokea aina ya kosa, kosa lenyewe na fuatilio lake. Lihifadhi, na `curl_easy_perform`, mwito unaofanya upakuaji, ikirudi, liinue upya kwa `raise`. Bila hivyo mtumiaji wako ataona “23” tu.

Uhai wa vitu haujaondoka mikononi mwako kabisa. `ffi.new_handle(hali)` hutoa pointa ya `void *` ya kupitisha kwenye `CURLOPT_WRITEDATA`, lakini ni lazima uishike hadi upakuaji uishe. Kuita `from_handle` juu ya pointa iliyokufa ni ajali. Data nayo ni ya kuazima. Ukitaka kuibakiza baada ya kolibaki kumaliza, inakili kwa `ffi.buffer(data, ukubwa * idadi)[:]`. Usitumie `ffi.string` hapa: libcurl haiweki baiti ya sifuri mwishoni, na picha au faili la zip lina sifuri tele katikati.

Kuhusu GIL, kufuli la Python linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha msimbo wake kwa wakati mmoja, cffi huiachia inapoingia C na kuichukua tena kolibaki inapoanza, hata ikiitwa kutoka uzi ulioanzishwa na C. Hatukulazimika kugusa chochote.

Bei yake ni kompaila. `extern "Python"` haifanyi kazi kwenye hali ya ABI, ile ya kufungua maktaba kwa `dlopen`. Unahitaji `set_source` (inayoiambia cffi ijenge moduli ya C), gcc au mwenzake, na kifurushi kwa kila mfumo unaousambazia. Kwa skripti ya mistari thelathini inayoita `qsort`, fanksheni ya C ya kupanga data, mara moja, baki na ctypes na uihifadhi kolibaki kwenye jina. Kwa maktaba ambayo wengine wataisakinisha, au inayopaswa kwenda pia kwenye PyPy, utekelezaji mwingine wa Python, chukua cffi.