Pawa saplai moja kwa nyumba janja nzima: chukua ya volti 24, kisha kagua waya

Wasomaji wananiletea lalamiko lilelile: kamera iko sawa mchana kutwa, giza likiingia inajizima na kujiwasha. Wameshabadilisha kamera, wameshabadilisha adapta, tatizo liko palepale. Tatizo ni waya. Usiku taa za infraredi zinawaka, kamera inavuta ampea zaidi, na volti zinapotelea njiani.

Piga hesabu kabla hujatoa hela. Vifaa vya wati 60 kwenye volti 12 vinavuta ampea 5. Viwe mita 15 kutoka kwenye pawa saplai, kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5: umeme unapita mita 30, kwenda na kurudi, na volti 1.7 hivi zinaishia kwenye waya. Kifaa kinabaki na 10.3. Kwa volti 24, wati zilezile ni ampea 2.5, na hasara haifiki asilimia 4.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Mean Well HDR-150-24, ya kupachika kwenye reli ya DIN (ile reli ya chuma ndani ya boksi la umeme): volti 24, ampea 6.25, haina feni. Kampuni hii ya Taiwan naipendelea waziwazi, kwa kuwa karatasi zake za vipimo zinaonyesha hata uwezo unavyopungua joto likipanda, jambo la lazima kwa kitu utakachokifungia ndani ya boksi. Vifaa vya volti 12 au 5 viwekee kishusha volti jirani na kifaa chenyewe. Kila tawi lipate fyuzi yake, na ukubwa wa fyuzi ufuate waya.

Namba mbili ni swichi ya PoE, inayopeleka umeme na data kwa waya uleule wa mtandao, na kwa nyumba yenye kamera tu ningeanza nayo. Kiwango cha PoE kiitwacho 802.3at kinatoa wati 30 kwenye swichi na kuhesabu 25.5 kwenye kifaa, hadi mita 100. Hasara ya waya imeshawekwa kwenye hesabu. Tazama jumla ya wati za swichi, usihesabu matundu.

Volti 12 moja kwa moja: ndani ya chumba kimoja tu. Pawa saplai za bei rahisi zisizo na jina wala karatasi ya vipimo, ziache.

Wanaoniudhi hasa ni wauzaji wa waya. Wanauza alumini iliyopakwa shaba kwa bei ya shaba, na herufi CCA zimeandikwa ndogo kabisa, au hazipo. Waya huo unapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba. Zile volti 1.7 zinakaribia 2.6. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, rudisha. Tena viwango vya waya za mtandao, Cat5e na Cat6, vinataka shaba tupu, hivyo roli la CCA lililoandikwa Cat6 si Cat6 hata kidogo: dai hela yako yote.