Château Margaux: mvinyo wa pipani au wa chupani?
Château Margaux, shamba la mizabibu na mvinyo la Bordeaux, Ufaransa, lililotambuliwa kuwa la daraja la kwanza mwaka 1855, huuza sehemu ya mvinyo wake miezi michache baada ya mavuno, ungali ndani ya mapipa ya mwaloni, na mnunuzi hulipia chupa atakazozipokea baada ya miaka miwili hivi. Asili yake haina shaka, lakini fedha hulala, na bei ya awali si lazima iwe nafuu.

Mvinyo wa chupani uliokwisha kukomaa hudai uchunguzi wa makini: kimo chake shingoni mwa chupa, hali ya kizibo, lebo, na hati za ghala lililotunza ubaridi usiobadilika. Hata hivyo, mimi ningechagua huu, mradi hati zimekamilika, kwa kuwa ubora wake umekwisha kudhihirika, ilhali wa pipani hununuliwa kwa kutegemea makadirio ya waonjaji.