Tairi za Michelin Energy XM2+ kwenye Premio, na zile "ol sizoni" za mtumba

Wadau wa Premio, Allion na wengine mnaovaa saizi ya 195/65R15, hizi XM2+ nimetembea nazo kiangazi na masika, foleni za Dar na safari za Iringa, na kwangu zimezipita mbali zile za mtumba za Japani ambazo muuzaji anakwambia "hizi ol sizoni bosi, jua mvua twende kazi".

Hiyo ol sizoni (all season, yaani tairi ya misimu yote) ndo watu wanapigwa. Kule Ulaya na Marekani imetengenezwa kwa mtu ambaye kuna miezi anakanyaga theluji, sisi huku ni jua na mvua basi, kwa hiyo ukiona M+S (tope na theluji) ubavuni isikutoe hela ya ziada. Alafu nyingi ya hizo za mtumba wala sio ol sizoni, ni tairi za barafu kabisa, zinakuja huku kashata (yale meno ya tairi) bado imesimama hadi unahisi umeokota dodo chini ya mwarobaini. Soma ubavuni utakuta STUDLESS, yaani tairi ya barafu isiyo na misumari, na kashata yenyewe imechanjwa vimistari vyembamba vya mawimbi vimejaa kila tofali, ukibonyeza na ukucha unazama. Ule mpira umefanywa ubaki laini kwenye baridi kali, sasa we uupeleke lami ya Chalinze saa nane mchana, unaisha kama kifutio na kwenye kona gari inachezacheza.

Turudi kwa XM2+. Kelele ndogo, kwenye lami nzuri mnaongea na abiria wa nyuma bila kupaza sauti. Ila kilichonifanya nizikubali ni mvua, kushuka Kitonga lami imelowa, malori yanatambaa mbele yako, kila kona breki, na gari inakaa kwenye mstari wake haiserereki. Madimbwi ya Dar nayo inapita vizuri japo hapo mwendo wako ndo unaamua, tairi yoyote ukiingia na 100 itaelea tu.

Bei inauma sitawadanganya, mi nililipa karibu mara mbili ya Mchina mpya. Kama hela haitoshi bora huyo Mchina mpya saizi sahihi kuliko mtumba wa brandi kubwa.

Na saizi jamani! Duka la kwanza nililoingia jamaa alitaka kunivisha 185/65R15 eti "inaingia tu mkuu". Inaingia kweli, rimu ni 15 zote, ila ile kwa kawaida ina namba ya uzito 88 ambayo ni kilo 560 kwa tairi na ya kwangu ni 91, kilo 615, sasa pakia familia, mchele wa Kyela na gunia la viazi uone. Pia ni fupi kidogo so gari inashuka na spidi mita inasoma zaidi ya mwendo halisi. Nikaaga.

Kabla hujalipa tafuta zile namba nne za mwisho kwenye DOT (ule mstari wa herufi na namba ubavuni), mfano 1824 ni wiki ya 18 mwaka 2024. Mara nyingi ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo izungushe kabla fundi hajafunga, maana tairi inaweza kuwa mpya haijagusa barabara kumbe imekaa stoo miaka mitano. Alafu upepo, mafundi wetu wanapenda kujaza 40 kila gari, we fungua mlango wa dereva soma kibandiko, pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, na alaimenti fanya siku hiyo hiyo.

Za kwangu zimelika sawasawa zote nne mpaka sasa. Kama wewe wikiendi zako ni shamba na njia ya tope achana nazo, kashata ya aina hii inajaa udongo mapema, tafuta A/T (all terrain, za lami na njia mbovu).