Tathmini ya kozi ya uandishi wa hataza kwa watafiti wa bioteknolojia

Baada ya miaka kadhaa ya kufanya utafiti wa vimeng'enya, niliamua kuhamia sheria ya hataza, yaani haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, nikaanza na kozi ya mtandaoni ya wiki nane iliyotayarishwa kwa wanasayansi wasio na shahada ya sheria. Naandika tathmini hii kwa ajili ya watafiti wenzangu wanaoifikiria njia hiyo hiyo.

Uzito wa kozi umo katika wiki tatu za kuandika madai, yaani zile sentensi zinazoweka mipaka ya haki ya mvumbuzi. Zoezi langu la kwanza lilihusu kimeng'enya kinachostahimili joto, nami niliandika kwamba mchanganyiko "unaundwa na" kimeng'enya hicho na chumvi ya kalisi pekee, kwa kuwa ndivyo nilivyouandaa maabara. Mwalimu aliyapigia mstari mwekundu maneno hayo na kuandika pembeni: "Mshindani akiongeza sukari kidogo, ametoka nje ya dai lako." Kama ningeandika "unajumuisha", orodha ingebaki wazi na mshindani yule angebaki ndani. Mtafiti huripoti alichokifanya. Dai huchora mpaka, na sikulielewa hilo kwa dhati hadi nilipoirudia sentensi ile moja mara saba.

Mihadhara ya hukumu nayo ni mizuri mno. Katika mazungumzo ya kawaida tunachanganya ugunduzi na uvumbuzi bila madhara, lakini mwaka 2013, katika kesi ya Myriad Genetics, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jeni iliyotengwa tu kutoka mwilini ni zao la asili lisilostahili hataza, ilhali DNA nakala iliyotengenezwa maabara inaweza kustahili. Mhadhara wa kesi ya Amgen na Sanofi ya mwaka 2023 ulinigusa zaidi: kampuni ya Amgen ilieleza mfuatano wa kingamwili 26, ikadai kundi zima la kingamwili zinazofanya kazi ileile, na mahakama ikakataa kwa sababu maelezo hayakumwezesha mtaalamu kulitengeneza kundi lote. Hapo ndipo ujuzi wa maabara unapokuwa mali, kwani anayejua ugumu wa kuipata kingamwili moja huona mara moja pale dai linapozidi ushahidi.

Kasoro kubwa ni kwamba suala la kutangaza matokeo kabla ya kuwasilisha maombi limepewa dakika chache tu. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuwasilisha maombi baada ya yeye mwenyewe kutangaza, lakini Ulaya, isipokuwa kwa hali chache mahususi, bango moja la mkutano wa kisayansi linatosha kuiondolea kazi upya wake, yaani sharti la kutojulikana hadharani kabla ya maombi. Somo hilo lilistahili wiki nzima, maana ndilo analoulizwa kila siku mtu aliyetoka maabara.

Anayejiandaa kwa mtihani wa uwakala wa hataza atahitaji kozi nyingine, kwani hii haina hata swali moja la majaribio. Anayetaka kujua kama kazi yenyewe inamfaa aichukue, na ayafanye mazoezi ya madai kwa mkono wake.