Walinizimia Capernaum Kabla Mtoto Hajatabasamu

Kile kibanda cha video cha huku Kondele, Kisumu, silitaji jina, nisije nikawapelekea wateja bure. Nina hasira nao tangu shule zilipofungwa.

Siku hiyo ubao wao uliandikwa Capernaum, ile filamu ya Nadine Labaki wa Lebanon iliyopata Tuzo ya Majaji kule Cannes mwaka 2018. Nikashangaa, maana pale tumezoea ngumi na DJ Afro, yule msimulizi wa filamu. Nikatoa hamsini yangu na hamsini ya kijana wangu, ambaye ana miaka 12. Zain, yule mvulana wa kwenye filamu, naye ni wa umri huo, au wanakisia tu, kwa sababu hana cheti chochote na daktari anamkagua meno kama mbuzi mnadani.

Filamu ni ya Kiarabu na maandishi ya chini yanakimbia, basi nikawa namsomea kwa Kijaluo nyanya mmoja aliyeketi kando yangu. Mwenye kibanda akapaza sauti: "Mathe, hapa si shule!" Nikashusha sauti. Tukafika pale Zain anapofua chupi ya dadake Sahar kwa siri, wazazi wasijue amevunja ungo wakamwoza kwa mwenye duka. Nyanya akashika mdomo. Mimi machozi yalikuwa yameshatoka. Akaja Rahil, Muethiopia anayemficha mtoto wake chooni kazini, na hapo kibanda kizima kilitulia. Mtaani kwetu nani hana binamu aliyekwenda Lebanon au Saudia, akapokonywa paspoti?

Mamake Zain nilimchukia, sitaficha. Lakini kule mahakamani, ambako Zain amewashtaki wazazi wake, anamgeukia wakili wa Zain, ambaye ni Labaki mwenyewe, na kumwambia kwamba maisha haya hajayaishi hata siku moja. Hapo nikajikuta niko upande wake. Nikaona aibu, maana kijana wangu alikuwa ananitazama.

Ndipo skrini ikageuka kijani kibichi. Arsenal.

Nikasimama nikamwambia mwenye kibanda, kwa adabu kabisa, "Baba, imebaki kidogo tu." Akanijibu bila hata kunitazama: "Mathe, kama ni kulia, nenda matangani. Hapa watu wanataka bao." Wakacheka wote. Pesa hakurudisha, pole hakutoa.

Njiani kijana akaniuliza kama Zain alishinda ile kesi ya kuwashtaki wazazi kwa kumzaa. Sikujua. Nikamwambia wazazi walifungwa, ili anyamaze tu.

Hakunyamaza. Siku moja nilimtuma akanisaidie kuuza njugu stendi, akanung'unika: "Nitakushtaki." Nikamzaba kofi kabla sijafikiri.

Mwisho wenyewe nilikuja kuuona baadaye kwenye simu ya dadangu. Zain anapigwa picha ya karatasi zake, mpiga picha anamwambia atabasamu, si picha ya cheti cha kifo. Na anatabasamu! Baada ya saa mbili za uso uliokunjamana kama wa mzee. Nikaketi kwenye kochi la dadangu nikamlaani yule mtu wa kibanda kwa lugha tatu. Mwanangu alikuwa amekaa na filamu isiyo na tabasamu wiki nzima, na mimi nikamwongezea kofi. Lile kofi naliandika kwenye deni la kibanda.

Ingawa sijui. Wiki ile njugu zilikuwa haziuziki na kodi ilikuwa imepita tarehe. Huenda kofi lingekuja hata kama tungeona hadi mwisho.

Lakini nawapa sifuri. Basi, tuseme nyota moja, kwa sababu viti vyao vina mgongo na nyanya yule alikalia cha mbele bila kulipa.

Mwisho wa filamu nilimwonyesha kijana jana. Akatazama, akaniambia, "Kumbe ana meno mazuri." Kisha akaniomba hamsini aende kulekule kuangalia ngumi Jumamosi. Nimempa.